Vibao Ishirini na Vinne vya Henrietta

Ngamiani, Tanga
9 Julai 2023

Shikamoo Mama Chris,

Nimefika salama. Basi lilitumia siku nne, na mpakani Tunduma nililala juu ya mzigo wa mtu kwa sababu sikuweza kukaa wima. Barua hii anakuletea Tumu, yule mama anayewauzia vitenge wenzetu pale mjini Johannesburg. Anakwenda na kurudi kila mwezi, na amekubali kutubebea. Simu yangu ilibaki kwa wale waliotuvamia. Hata ningekuwa nayo, ninalotaka kukuomba linahitaji michoro, na michoro kwenye simu haisomeki vizuri.

Kwanza mkono. Panga liliondoka na kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Kijiko nakishika. Kisu cha kazi sikishiki tena.

Nikifumba macho namwona Parfait. Jumapili ile mchana alikuwa amekuja kunishonea turubai la sitaha, kitambaa kisichozidi kiganja. Fundi cherehani wa kushona suti za maharusi, amekaa kwenye kigoda changu anashona turubai la meli ya kuchezea, anacheka. Alikuwa na sindano mdomoni walipoingia. Yaliyofuata siyakumbuki vizuri. Nakumbuka wewe ukinifunga mkono kwa taulo, ukimpigia jirani Ezekieli kelele alete pikapu yake. Bila wewe ningeisha damu pale pale uani. Mungu akulipe.

Sasa ombi. Ile meli ipo? Mzee wa Midrand aliyeniagiza ana miaka tisini na moja. Babu wa baba yake alikuwa mchochea makaa kwenye Henrietta ya kweli, Uingereza, enzi za Malkia Victoria, meli ya moshi iliyokwenda kwa kupiga maji kwa magurudumu mawili ubavuni. Nimeijenga miaka miwili, kila sentimita yangu ni sentimita sitini na nne za meli yenyewe. Ilibaki magurudumu, dohani na reli za sitaha tu.

Wewe ni mshonaji, Mama. Vidole vyako vinajua milimita kuliko vya mafundi wengi niliofanya nao kazi. Kama ipo, nitakuandikia hatua kwa hatua, nawe uimalize. Waliharibu kila walichokigusa siku ile. Nataka kimoja kiwashinde.

Mpangaji wako,
Fahad


Alexandra, Johannesburg
4 Agosti 2023

Mwanangu Fahad,

Marahaba. Nililia niliposoma kuhusu vidole. Nilidhani labda wangeviunga.

Meli ipo. Niliiokota siku ile ile nikaiweka chini ya kitanda changu, nyuma ya sanduku la nguo za marehemu mume wangu. Gurudumu la kushoto limekanyagwa na buti, limekuwa njiti. La kulia hukuwa umelianza. Bodi ina ufa mmoja, karibu na ule mti wa chini unaouita mkuku. Nimeupangusa damu kwa pamba na maji ya chumvi; imebaki rangi kidogo. Nitaimaliza. Sijui lolote la meli, mimi mtu wa Morogoro, lakini nilishajifunza mengi ugenini bila kuulizwa kama nayaweza. Niandikie tu.

Ni vizuri tunatumia karatasi. Chris siku hizi anachukua simu yangu na kuipekua, na Kiswahili cha kuandikwa hakisomi.

Naye ameumia. Vibaka walimvamia kwenye stendi ya teksi, wakamchoma jichoni. Madaktari wamelitoa. Tangu afukuzwe ile kazi ya ulinzi alikuwa hana raha, sasa ndiyo kabisa, anashinda chumbani mapazia yamefungwa. Nina huyu mmoja tu, Fahad. Niombee.

Léocadie wa Parfait analala kanisani, kwenye jengo moja la zamani mjini, na watoto wake wawili. Maiti bado iko mochwari. Nilimpelekea chakula, hakula, alikuwa anakunja na kukunjua shati la mumewe.

Mpelelezi alikuja kuniuliza habari zako. Nilimwambia hukuona sura ya mtu, maana walikuwa wamejifunika nyuso. Nilisema sawa, si ndiyo?

Mimi mama yako,
Melania


Ngamiani, Tanga
29 Agosti 2023

Shikamoo Mama Chris,

Nimefurahi mpaka nikashindwa kula. Anza na magurudumu. Kila gurudumu lina pete mbili, na kati ya pete kuna vibao kumi na viwili, ndivyo vinavyopiga maji. Jumla ishirini na vinne. Kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita tatu na milimita saba, upana sentimita moja na milimita moja. Usikate kwa mkato mmoja, mti utapasuka. Pitisha kisu mara tano kwa mkono mwepesi, kama unavyofumua mshono bila kuchana kitambaa. Kikizidi hata kimoja, gurudumu litayumba. Mchoro uko nyuma ya karatasi.

Sasa jambo jingine. Nilikwambia sikumbuki. Nilidanganya, nakumbuka yote.

Waliingia sita au saba. Wa kwanza alikuwa na sepetu, kofia ya sufu ya kijivu imefunika uso mpaka kidevuni, matundu mawili ya macho, na buti za kazi za rangi ya chungwa. Parfait alinyanyua mikono akasema kwa Kizulu chake kibovu, "Mimi fundi tu, baba." Yule mtu akampiga sepetu ya shingo. Parfait akaanguka juu ya cherehani yake ya mkono. Akampiga ya pili. Nilikuwa na patasi mkononi, Mama, na nilikuwa karibu na mlango. Ningeweza kukimbia. Badala yake nilingoja ainue sepetu mara ya tatu, nikamchoma patasi kwenye tundu la jicho la kushoto. Niliisikia ikigonga mfupa. Alilia kama mtoto. Hapo ndipo mwenzake akaniletea panga.

Sepetu ya tatu ilishuka hata hivyo. Aliipiga akiwa na jicho limetoka.

Nimekaa na barua yako siku kumi. Nisamehe kwa swali hili, na likiwa la kipumbavu unitukane. Chris alichomwa jicho gani? Na ilikuwa siku gani?

Fahad


Alexandra
16 Septemba 2023

Fahad,

Jicho la kulia. Siku ya Jumanne, juma lililofuata.

Uliumia, ukapoteza damu, na mtu wa hali hiyo anaona mengi. Watu wengi huku wanavaa buti za rangi hiyo, hugawiwa kazini.

Vibao kumi na viwili vya kwanza nimekata. Viwili vilipasuka, nikarudia. Nieleze dohani.

Melania


Ngamiani, Tanga
8 Oktoba 2023

Bi Melania,

Tumu alipokuja kuchukua barua yako, Chris ndiye aliyemfungulia geti. Tumu anasema kijana ana kitambaa cheupe kwenye jicho la kushoto.

Kwa hiyo umenidanganya, na najua kwa nini. Mama yeyote angenidanganya. Ila tangu Tumu aniambie hayo siwezi kuacha kufikiri, na kila nikifikiri nafika mahali pamoja. Chumba changu hakionekani barabarani. Anayekuja kwangu lazima apite jikoni kwako, na mlango wa jikoni wa kutokea uani unafungwa kwa ufunguo unaokaa shingoni mwako. Siku ile niliusikia ufunguo ukizunguka. Nilidhani ni wewe unaniletea chai.

Mlango haukuvunjwa. Niliupita nikitoka damu, ulikuwa mzima.

Wakili mmoja wa pale Johannesburg amenipigia kupitia simu ya shemeji yangu. Anamsaidia Léocadie bure. Anataka niandike ushahidi wa kiapo, na kesi ikifika niende nikaseme mwenyewe. Nimemwomba anipe mwezi mmoja.

Nani alifungua mlango?

Dohani ni bomba la karatasi ngumu, lililozungushwa mara nne juu ya penseli nene na kupakwa gundi kila mzunguko. Subiri ikauke siku mbili.

Fahad


Alexandra
5 Novemba 2023

Fahad,

Mimi.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara naichana. Hii naipeleka hata ikiwa mbaya.

Nilikuwa nimetoka misa ya mwisho, navua kitambaa cha kichwa. Waliingia kwa mlango wa mbele. Mmoja mfupi, ndiye mkubwa wao, akaniwekea panga hapa, chini ya sikio. Mtu wa mtaani alikuwa amewaambia nyumbani humu mnazungumzwa Kiswahili. Akanionyesha kiwiko chake akaniuliza kinaitwaje kwa Kizulu, maana ndivyo wanavyowapima wageni. Miaka thelathini na mbili niko hapa, Fahad. Nilikuja na mume wangu, mwenyeji wa huku, alipotoka uhamishoni kwetu, nikiwa sijui hata neno la kuomba maji. Kizulu nimenunulia nyama, nimezikia mume. Siku ile neno lilinitoka kichwani. Nikabaki nafungua mdomo kama samaki.

Nyuma yake alisimama mwenye kofia ya kijivu. Nilimjua kabla hajasogea. Mtoto uliyemnyonyesha humjui kwa uso, unamjua kwa anavyosimama. Anatupa uzito mguu mmoja, kama baba yake. Nikamtazama kwenye yale matundu. Nikangoja aseme, "Huyu ni mama yangu." Maneno manne tu, kwa lugha yoyote. Panga lilikuwa limeshaanza kukata, nina kovu. Aliniangalia, akainamisha macho kwenye buti zake.

Alikuwa anaogopa wenzake wasije wakajua kuwa mama yake ni wa kuja. Alikuwa anawafukuza watu kama mimi, na aliwaficha kuwa alitoka tumboni mwangu.

Hapo ndipo niliponyoosha kidole. Nikasema, "Mimi wa hapa. Mgeni yuko nyuma." Nikavua ufunguo nikaufungua mlango mwenyewe. Yule mfupi akamsukuma Chris mbele, akamwambia, "Haya, wewe uliyenyamaza, anza." Akampa sepetu.

Nilisimama kwenye sinki. Nilisikia yote. Nilifungua bomba la maji ili nisisikie, nikasikia.

Walipotoka walimbeba Chris. Mimi nikaja kwako na taulo. Unaniita mwokozi wako kwenye barua yako ya kwanza. Niliisoma barua ile nikiwa nimesimama pale pale kwenye sinki.

Jumamosi iliyopita Chris alinikuta mezani na meli. Alijua ni yako. Alichukua nyundo, nami nikailalia meli kwa kifua. Akanivuta nywele, akanipiga ngumi ya mdomo. Jino likaangukia sitahani. Akanipiga tena ya sikio, mpaka sasa linavuma. Kisha akaitupa nyundo ukutani akaketi sakafuni, akaniuliza kwa Kiingereza, "Kwa nini ulimwonyesha? Ungenyamaza tu wangeondoka." Nikamwuliza, "Na wewe ungesema, ningekuwa na haja ya kuonyesha?" Hatujasemezana tangu hapo. Nampikia, anakula.

Sasa nakuomba, na najua sistahili. Usiape hayo maandishi. Parfait hatarudi. Wewe uko kwenu, una ndugu. Mimi nina huyu mmoja, hata akiwa hivi alivyo. Jicho lake ulishalichukua. Iwe imetosha.

Melania


Ngamiani, Tanga
2 Desemba 2023

Bi Melania,

Nimeapa jana. Nimeandika buti, kofia, sepetu mara tatu, na patasi yangu. Nimeandika pia kwamba ningeweza kukimbia. Wakitaka kunishtaki kwa jicho, wanishtaki.

Nimetaja jina lake. Léocadie ana watoto wanaouliza, na jibu siwezi kumficha ili wewe ulale.

Kuhusu kidole chako na ufunguo sikuandika. Usinishukuru. Nilishika kalamu kwa mkono wa kushoto nikafika hapo, mkono ukagoma. Sijui kama ni huruma au ni woga wa kusoma kitu hicho kwa mwandiko wangu.

Reli za sitaha tumia pini zako za kushonea, zikatwe vichwa, zipangwe kila milimita nane, kisha upitishe uzi mweusi mara mbili. Mzee akikuuliza, mwambie kazi ya mwisho ni yako.

Barua nyingine usiniletee.

Fahad


Johannesburg
2 Juni 2025

Fahad,

Ulisema nisikuletee barua, nami nilitii mwaka mmoja na nusu. Hii ni ya mwisho. Ukitaka, ichome, lakini kuna mambo yametokea baada ya wewe kuondoka ambayo si haki uyasikie kwa watu.

Meli niliipeleka Midrand Februari ya mwaka jana, wiki tatu baada ya polisi kumchukua Chris. Ezekieli aliendesha, mimi nimeipakata nyuma, nikisema moyoni kila tulipofika tuta, taratibu, taratibu. Mzee hakuwa anainuka tena kitandani. Binti yake akaiweka kwenye meza ndogo ya kulia chakula kitandani, akamsogezea. Mzee akaweka kidole kwenye gurudumu la kushoto akalizungusha. Halikuyumba. Alilizungusha mpaka binti yake akamwambia baba, utachoka. Akaniuliza wajenzi ni akina nani. Nikamtajia jina lako kamili na mji wako. Langu sikulitaja. Alifariki mwezi wa nne.

Mwezi Machi mwaka huu, ulipokuja kutoa ushahidi, nilikuona kwenye korido ya mahakama. Ulipita umbali wa mkono, ukanitazama ukapita. Ulifanya sawa. Wakili wa Chris alikuwa ametaka niseme kwamba siku ile mwanangu alikuwa nami kanisani. Nilimwambia akiniita nitasema kweli. Hakuniita. Kwa hiyo ulisimama wewe peke yako kizimbani, wakakuuliza mlango ulifunguliwaje, ukasema hujui. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma. Ulinificha mbele ya jaji kwa kiapo. Sikukuomba hilo, na ndilo lililonila miezi hii kuliko yote.

Alipatikana na hatia. Wiki iliyopita ilikuwa siku ya kutajiwa adhabu. Wakili akanambia, mama, simama umwombee huruma, jaji huwasikiliza akina mama. Nikasimama.

Nilianza vizuri. Nilisema alivyokuwa mtoto, alivyomwuguza baba yake. Kisha nikamwona Léocadie. Amekaa mbele, amevaa koti jekundu, mtoto wake mdogo amelala mapajani kwa dada yake. Alikuwa ananitikisia kichwa taratibu. Unajua alikuwa anafikiri nini? Alikuwa ananihurumia. Mimi nilimletea chakula kanisani, Fahad, mwaka mzima. Aliniita mama.

Nikamwambia jaji, "Kuna jambo halijasemwa humu ndani. Chumba kile kilikuwa kimefichika. Mimi ndiye niliyewaonyesha, na mlango niliufungua mimi kwa ufunguo wangu. Mwanangu aliua. Lakini mtu aliyewapa Parfait ni mimi."

Mkalimani alinigeukia badala ya kutafsiri. Jaji akamwambia atafsiri. Chris alinyanyua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze alinitazama, na kwa lile jicho moja sikuweza kujua ananichukia au ananishukuru. Jaji akaniuliza kama naelewa kwamba maneno hayo yanaweza kunifikisha polisi. Nikasema naelewa. Polisi wameshanihoji mara mbili. Watakaloamua sijui bado.

Tukatolewa nje, jaji aende kufikiri. Nilikaa kwenye benchi la korido. Watu wa mtaani kwetu walipita wakinitemea. Mmoja alisema msaliti, sijui alimaanisha wa upande upi. Nyumbani walikuwa wameshavunja madirisha. Siku hizi nimepanga chumba huku mjini.

Léocadie akaja. Alisimama mbele yangu, akanipiga kofi. Si la kike, mkono wote. Askari akaja mbio kumshika, nikamwambia, "Mwache." Akanipiga la pili, sikio lile lile bovu. La tatu mkono ulipanda ukabaki juu. Akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, kwao Kongo, "Ulinipikia wali. Ulinipikia wali, nikaula." Mahali pa kukaa palikuwa pamoja tu, kwenye benchi langu. Akakaa, kwa sababu angeanguka. Sikumgusa. Begi lake lilikuwa kati yetu.

Tulipoitwa ndani tulikaa vivyo hivyo, safu moja, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kutafuta nafasi nyingine. Jaji alisoma kwa muda mrefu. Alipotaja miaka ishirini, sote wawili tulipiga ukelele kwa pamoja, na waliokuwepo wanasema hawakuweza kutofautisha upi ulikuwa wangu na upi wake.

Melania